Uso wa Msafiri

Kijiwe chetu cha Usagara kiko kibarazani kwa Yona, fundi cherehani, tunayemwita Pima kwa kuwa hupima hata yasiyopimika. Kahawa huuzwa na Kristofa, jina lake Daktari: hakuna tatizo asilolitolea dawa. Jumamosi ile tulikuwa na jambo zito. Jioni tungecheza karata na kijiwe cha Chumbageni, wawili kwa wawili, bila ruhusa ya wenza kuambizana kitu. Mchezaji wetu Msafiri ana kasoro: akipata turufu nzuri uso humng'aa, mtaa mzima ukajua. Ndiyo maana anaitwa Televisheni. Mwenza wake, Mzee Rahimu, ni Kufuli; hata akifiwa, utadhani anasubiri chenji. Mzee alikuwa ameshatamka kwamba Msafiri asipojifunza kuficha uso kabla ya alasiri, kiti chake anapewa Kristofa.

— Kiti hicho nimekikalia tangu sijaoa, Mzee, Msafiri alisema. Leo mnanitoa kwa kucheka?

— Hutolewi kwa kucheka, Rahimu alijibu. Unatolewa kwa kuzichekea karata.

Yona alimzunguka na utepe wake.

— Mdomo hauna kosa. Ni masikio. Akipata karata kubwa kama ree yanapanda. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka.

— Hiyo inahusu nini masikio yangu?

— Yanapanda haraka.

Akamvisha kofia, akaivuta mpaka kwenye nyusi.

— Kofia ni ya jua, Kristofa alisema. Dawa ni ndimu. Weka kipande shavuni. Mwenye ndimu mdomoni, umpe harusi, umpe msiba, uso ni ule ule. Mficha maradhi kifo humuumbua.

— Daktari, methali hiyo inakataza kuficha, Msafiri alisema.

— Inakataza kuficha maradhi. Karata haikuzitaja.

Rahimu akanywa kahawa kidogo.

— Mimi nikipata karata nzuri namkumbuka marehemu shangazi. Nikipata mbaya, nakumbuka pilau la hitima yake. Moyo unabaki katikati.

— Hamjafika kwenye miguu, Yona alisema. Pale Mwera nilimjua mtu aliyesomwa karata zote kwa kidole gumba cha mguu.

Akaingia dukani, akarudi na mabuti ya mvua.

Basi Msafiri akakaa hivyo: kofia machoni, ndimu shavuni, mabuti miguuni. Karata zikagawanywa, yeye na Rahimu upande mmoja, Yona na Kristofa upande wa pili. Nasema kweli, uso ulifungika. Hata mimi niliyemzoea sikuona kitu.

Mchezo wa kwanza, Rahimu alidhani mwenzake hana kitu, akatupa turufu yake kubwa. Kumbe Msafiri alikuwa na ree ya turufu, na hakuwa na nyingine ya kutoa. Karata mbili kubwa zikateketea pale ambapo moja ingetosha. Mchezo wa pili Rahimu akajizuia, akamsubiri Msafiri aokoe. Msafiri hakuwa na chochote. Wakafungwa yote miwili.

— Bahati mbaya tu, alisema Yona.

— Ndimu haijakolea, alisema Kristofa, akakata kipande kingine.

Hapo akafika Loveness, binti wa Maramba, kufuata sketi yake.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, Yona alimjibu. Imebaki pindo tu.

Loveness akamtazama Msafiri kwa huruma.

— Huyu baba anaumwa jino?

— Anaficha uso, wenzetu wa Chumbageni wasizisome karata zake, Yona alisema.

— Mzee anayecheza naye ni huyu hapa?

— Ndiye.

— Mimi karata sizijui, alisema. Ila baba akiufunga uso wote, mwenzake atajuaje ana nini?

Kristofa akaiweka chini ile ndimu. Yona akaanza kuupima ukingo wa benchi. Wote tukamgeukia Rahimu, ambaye miaka yote tuliamini anashinda kwa hesabu za kichwani. Alikuwa anazikusanya karata, moja moja, bila kumtazama mtu.

— Lakini Mzee, Kristofa alisema taratibu, Chumbageni nao watamsoma.

— Wao wataanza kumsoma leo. Mimi nimeanza zamani. Wewe jioni njoo na kahawa.

Kisha akamwinamia Msafiri, akamvua kofia.

— Tema hiyo ndimu, mwanangu, nikuone.