Kikohozi Nilichomtwika Mwangwi

Sogeeni, wanangu, mniwekee mto wa pili mgongoni, kwani sauti iliyonikimbia siku kumi na mbili imerudi leo adhuhuri, nami sina yakini kama imerudi kukaa au imekuja kuchukua kilichosalia. Binti yangu, najua kazi yako ni uuguzi na umenikataza maneno mengi. Leo niwie radhi, nitakuasi. Nawe mama mtoto, keti, usisimame kama mgeni. Mlango ule wa ndani uacheni wazi kidogo, maana namjua aliyeketi nyuma yake, na haya nataka yamfikie.

Mali haitanichelewesha. Nyumba hii mama mtoto akae humu maisha yake, asihamishwe na mtu. Baada yake mgawane kama sheria ya Mola ilivyogawa. Vitabu vitatu vya watu viko mezani karakanani, kimoja hakijashonwa mgongo; warudishieni wenyewe na muwaombe radhi kwa niaba yangu. Kibanio, sindano na ngozi zangu za kujalidia vitabu zisiuzwe mpaka mdogo wenu afike umri wa kuchagua, na akisema hapendi harufu ya gundi, uzeni vyote wala msimnunie.

Hayo ni mepesi. Lililonikaba, linalonifanya nichelee hata kufumba macho, ni la huyo mdogo wenu.

Nilimpata ndevu zikiwa zimekwisha kuwa nyeupe, nyinyi wawili mna nyumba zenu, na jina la Mwangwi nilimpa mimi, alipoanza kuirudisha kila sauti ya humu ndani: bawaba ya mlango, kisu kikikata karatasi, na yule mwalimu mzee aniletaye vitabu vyake, anayeguna mara mbili kabla ya kila neno, hata siku moja mwalimu akaguna akajibiwa kutoka chini ya meza, akadhani nyumba yangu ina mashetani. Aliramba gundi ya unga, mama yake alipomkemea akasema anazibana kurasa zake zisipeperuke. Kila mwezi alitaka nimpime urefu kwenye mwimo wa mlango wa karakana, na kila mwezi nilimkuta amekanyaga kamusi. Nilimcheka, na huku nikicheka nilihesabu moyoni: alama hii hadi ile, je, nitaziona ngapi?

Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo ninapotubu.

Kifua kilipoanza mwaka jana, nilikohoa kitambaani nikaona nisichotaka kukiona. Wahenga walikwisha kusema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nami niliyewasomea watu hekima miaka yote hiyo, nikaficha. Sikuogopa kufa, binti yangu, niliogopa wewe kunipeleka nikalazwe, siku zangu chache za kukaa na mtoto zikaishia kwenye ukuta wa hospitali. Siku moja ukauliza kutoka uani ni nani anayekohoa vile. Kabla sijajibu, mtoto akakohoa, kikohozi changu chenyewe, pamoja na ule mluzi wa pumzi mwishoni, akachungulia akakwambia, “Ni mimi, dada. Namuigiza baba.” Mkacheka wote. Nami nikacheka, na katika kicheko kile Ibilisi akanionyesha njia.

Jioni ile nilimwambia, “Kila nikikohoa, nawe kohoa. Iwe siri yetu sisi wanaume.” Akafurahi kuitwa mwanamume. Tangu hapo, nusu ya vikohozi mlivyomgombeza kwavyo vilikuwa vyangu. Yeye alikuwa anacheza. Mimi sikuwa nacheza. Aliniuliza mara moja tu, nikiwa na sindano mkononi: “Baba, kitabu kikilegea unakishona. Wewe utashonwa na nani?” Nilichukua penseli nikamwambia asimame nimpime.

Siku niliyoanguka, yeye peke yake ndiye aliyeniona. Kaka mtu, ulikuwa uani unajenga ukuta, akakujia mbio akisema baba ameanguka, ukamwambia bila kugeuka, haya uliyonieleza mwenyewe ukilia: “Leo hatudanganyiki. Kamchekeshe mama yako.” Akaenda kwa mama yake, naye akamwambia aache michezo. Mstari mzima wa matofali ukaisha kabla mtu hajaingia. Kisha ukampiga kofi, ukamwita mwongo aliyetaka kumuua baba yake.

Naye hakusema. Alikuwa na neno moja la kujiokoa, na neno hilo nilikuwa nimelifunga mimi. Mtoto wa miaka saba ametunza ahadi, na mimi nilikuwa nimelala bila sauti nashindwa kumfungulia. Mama yake ananiambia tangu siku ile hajaigiza hata mlango. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: niliuona mwepesi kwa kuwa ulikuwa kichwani pake.

Kwa hiyo nawausia. Kaka mtu, utamwomba radhi, si kwa zawadi bali kwa maneno, umechuchumaa mpaka macho yenu yalingane. Nawe usijitie hatiani, kwani kofi lile aliyelistahili ni mimi. Binti yangu, akikohoa mpime, lakini usimtazame kwa hofu niliyomtazama nayo mimi. Hofu ya mzazi humwingia mtoto kama unyevu kwenye karatasi, haionekani ila siku ya kufunua. Mama mtoto, akiniigiza baada yangu, mguno wangu, mwendo wangu, msimnyamazishe mkidhani ni kukosa adabu. Na kila mwezi mpimeni pale mlangoni. Akikanyaga kamusi... nipeni maji kidogo... akikanyaga kamusi, jifanyeni hamkuiona.

Mlango umesogea. Njoo, baba, njoo. Viache viatu, panda hivyo hivyo. Siri yetu nimeitoa mwenyewe, hukuivunja wewe, umesikia? Wewe ulikwenda kuniitia watu, ukaita kweli, na watu hawakujua kusikia kwa sababu yangu. Mola akukuze, akupe sauti yako mwenyewe juu ya hizo zote ulizokusanya, akuzungushie ndugu zako hawa wawe jalada lako, na nyinyi wote niliowazaa, na wewe uliyevumilia nami, radhi zangu ziwe juu yenu mbele na nyuma...

Ngojeni... ngojeni kidogo...

Msimtazame yeye. Amefumba mdomo, mwauona. Kikohozi hicho ni changu. Vyote... vilikuwa vyangu.