Tjitske Hoekema: Mkono Tuliomnyima

Baada ya miaka thelathini na minne katika kituo chetu cha utafiti wa matunda hapa Kruisveen, Dk. Tjitske Hoekema anastaafu Ijumaa, tarehe 12 Juni 2026, siku anayotimiza umri wa miaka sitini na saba. Mwenyewe aliomba aondoke kimyakimya, bila maneno mengi. Pole sana, Tjitske, hilo hatukubali.

Alitufikia kutoka jimbo la Friesland mwaka 1992, na kichwa kigumu alikuja nacho. Kazi yake ilikuwa kupambana na ukungu wa kijivu, ule unaozivisha stroberi manyoya kabla hazijafika sokoni. Wakulima walikuwa wakipulizia dawa juu ya dawa, na ukungu ulikuwa umeshazizoea. Tjitske akashika njia nyingine: kuunyamazisha. Ukungu, kama kiumbe chochote, hupeleka maagizo ndani ya seli zake kwa molekuli ziitwazo RNA. Ukiupa RNA ya nyuzi mbili iliyofanana na agizo lake lenyewe, unaidhania adui, unaikatakata, kisha unatumia vile vipande kulisaka na kuliharibu hata lile agizo halisi. Ukilenga agizo ambalo ukungu hauwezi kuishi bila hilo, unajimaliza wenyewe. Haya aliyaeleza kwa kila mtu, hadi kwa fundi wa lifti. Wenzake tulikuwa tunamtania kwamba mkuu wa idara ya kunyamazisha ndiye asiyejua kunyamaza.

Mwaka 2014 utani ulikwisha. Wakubwa walitamka wazi kuwa dawa yake ya RNA isipofanya kazi shambani msimu ule, idara inafungwa. Sjef Kuijpers, mkulima jirani aliyekuwa amepoteza nusu ya mavuno mwaka uliotangulia, akatoa tuta moja ndani ya banda lake la plastiki. Dawa ikachanganywa, ikapuliziwa. Haikupita muda, stroberi za tuta lile zote zikawa za kijivu.

Kisingizio kilikuwepo, maana mvua ya mwezi ule ilileta unyevu usio wa kawaida hata ndani ya banda. Tjitske hakukitaka. Aliyapima mabaki ya dawa kwenye chupa iliyobaki maabara akakuta RNA imeshakatikakatika hata kabla ya kutoka maabara. Ndipo akakumbuka: siku ya kuchanganya ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Nasi Waholanzi tunajijua. Mwenye siku yake ndiye anayeleta keki, na kila anayeingia lazima atoe mkono wa hongera kwa wote waliomo. Tjitske alitoka maabara kwenda koridoni akiwa amevaa glavu zake, jengo zima likapita likampa mkono, naye akarudi kwenye chupa na glavu zilezile. Jasho la mikono ya watu lina vimeng'enya vinavyoitafuna RNA. Dawa iliuawa na hongera zetu.

Alisimama mbele ya wakubwa akasema kosa ni lake. Kisha akaenda kwa Sjef, akamweleza vilevile bila kupunguza neno, akaomba tuta jingine. Jamani, sisi tulijua kazi imeisha. Sjef alimsikiliza hadi mwisho.

"Umeniachia tuta zima la manyoya, Tjitske," alimwambia. "Haya, chukua lile la karibu na mlango. Ila safari hii hiyo keki kaile peke yako."

Wakubwa nao, kwa shingo upande, wakampa hadi mwisho wa msimu. Akabandika karatasi kwenye mlango wa maabara: HONGERA ZIISHIE HAPA. Akachanganya upya, mlango umefungwa. Mwezi Agosti tukaenda shambani wote. Tuta lisilopuliziwa lilikuwa limeoza, na lile la karibu na mlango lilikuwa jekundu tupu. Sjef alichuma moja, akaila hapohapo, akanyoosha mkono. Tjitske akaficha wa kwake mgongoni.

"Baadaye, Sjef. Sijamaliza kuchukua sampuli."

Idara haikufungwa. Baadaye alipata njia ya kuishikiza RNA kwenye majani kwa udongo laini, isioshwe na maji upesi, na vijana aliowafundisha wametawanyika hadi Denmaki. Dawa yenyewe bado inasubiri vibali. Inatuuma kwamba anaondoka kabla haijafika dukani, lakini itafika. Hiyo kazi tunaibeba sisi.

Ile karatasi ipo mlangoni mpaka leo, na haibanduki. Miaka yote hii, kila siku yake ya kuzaliwa, tumempongeza kwa kumpungia kutoka koridoni, kama watu wanaoaga treni. Ijumaa, saa tisa alasiri, tukutane kantini. Keki ataleta mwenyewe kama kawaida, na glavu tumeshamwagiza aziache maabara. Sjef ameshapiga simu: yeye ndiye wa kwanza kwenye foleni, anadai mkono wake.

Asante kwa yote, Tjitske. Uendako ukapate afya, raha na stroberi zisizo na manyoya. Sasa lete mkono.