Mishipa ya Jovin Chuma Yamzidi Umri

Siku wapimaji wa mishipa ya damu walipopiga turubai Bagara, benchi la kahawa la Shaaban lilijaa kabla birika halijachemka. Jovin Chuma, mchomelea mageti wa miaka hamsini na miwili, alifika uso umefura kama andazi. Mashine imesema mishipa yake ni ya mzee wa sabini. Hilo angelimeza. Lililomkwama kooni ni Herieli Kijana, babu wa miaka sitini na tatu, kuambiwa ana mishipa ya mtu wa hamsini. Herieli huyo kila kizuri kinamwangukia yeye: shamba lenye maji kule Singe, meno yote mdomoni, sasa hata mishipa.

— Wanapimaje kwani? Shaaban akauliza, akimimina.

— Unalala, wanakufunga mkanda mkononi na mwingine mguuni, alisema Herieli, aliyekuwa keshakaa benchini. Wanaangalia pigo la moyo linavyosafiri. Mshipa ukikakamaa, pigo linapita mbio.

— Mmemsikia mwenyewe, Jovin akadakia. Langu linapita mbio. Nimemshinda.

— Siyo mashindano, Chuma, Herieli akamwambia. Mshipa mgumu unautesa moyo. Ndiyo mwanzo wa viharusi hivyo.

— Mwenye wivu ajinyonge.

Anselm Profesa, aliyeishia darasa la sita ila huwezi kumwambia, akakohoa kidogo.

— Kisayansi, bomba la mpira linapasuka, la chuma linadumu. Huyu moshi wa kuchomelea umemwingia, umemjengea mabomba ya chuma ndani kwa ndani.

— Umesema kweli. Samaki mkunje angali mbichi, na mimi hakuna wa kunikunja.

— Tena mwili ukishapimwa sabini, Profesa akaongeza, wewe ni mzee kihalali. Msibani unakaa viti vya mbele.

— Basi kuanzia leo Herieli ndiye wa kuniamkia. Shikamoo yangu iko wapi?

Herieli akacheka, meno yote nje. Kicheko kile kilimchoma Jovin kuliko cheche za kazini.

Hapo akafika Xaveria, muuza mboga wa Mutuka, akatua beseni apumzike.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

Akawasikiliza mpaka akachoka, akamgeukia Jovin.

— Baba Praygod, nimewapita wale watu wanakunja turubai lao. Huo usabini, walisema uufanyeje?

Jovin akamwona tena akilini nesi wa turubaini akimsogezea kiti, akimwambia, baba, kaa nikueleze. Hakukaa. Nyuma ya pazia alikuwa amesikia Herieli akitajiwa hamsini yake, akavaa viatu na kutoka.

Profesa akachungulia ndani ya kikombe. Shaaban akapangusa birika lililokuwa safi.

— Sikungoja, Jovin akasema. Akamgeukia Herieli kwa sauti ya chini. Kaka, wewe ulikaa. Walisemaje?

— Nilikaa mpaka mwisho, Herieli akajibu, na kicheko kilikuwa kimemtoka. Lakini walinieleza ya kwangu.