Oili Iliyonenepa

Benchi lenyewe ni ubao uliolazwa juu ya matairi mawili makuukuu, mgongo wake ni ukuta wa duka la magodoro, na lina sheria moja tu: ukisimama, umehama. Kila asubuhi muuza kahawa akishatua birika lake, wenye kijiwe huteremka mmoja mmoja kama kuku waliosikia mtama ukimwagwa. Siku hizi wanawahi zaidi, kwa sababu tangu mwenye duka anunue pikapu jipya, kijiwe kimepata umeme. Pikapu huegeshwa palepale, boneti yake karibu iguse magoti ya watu, injini ikiunguruma polepole mpaka jua lianze kuchoma, na dirishani zinaning'inia nyaya za chaja, kila waya na simu yake, kama vitoto vya paka kwenye matiti ya mama yao. Wenyewe wanasema hayo ndiyo maendeleo.

Mwenye duka ni Mjomba Godoro. Mwenye haki ya kumwita mjomba ni Breki peke yake, maana mama yake Breki na huyo bwana wamelala tumbo moja; wengine wote wameazima. Breki, msichana pekee kijiweni, ndiye dereva wa pikapu. Jina hilo alipewa na benchi, si kwa ajili ya kuendesha, bali kwa sababu, walidai, mdomo wake hauna hata moja. Leseni aliipata kwa mtihani, kazi aliipata kwa kumsumbua mjomba wake hadi akachoka kukataa, na ufunguo wa pikapu hulala shingoni mwake kwa kamba. Hakukuwa na kitu duniani alichokitaka kuliko ufunguo huo uendelee kulala hapo.

Asubuhi hiyo alifanya kosa la kufanya kazi yake. Kabla ya kuwasha gari alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili hupungua, ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyozoea. Hii ilikuwa imepanda ikapita alama ya juu, nyepesi kama mchuzi wa mgeni aliyekaa wiki, na alipokisogeza kijiti puani kilinuka petroli. Akaenda kumwambia mjomba wake, akitegemea ahsante. Mjomba alimwambia awashe gari kwanza, watu wachaji, halafu aje alieleze hilo neno mbele ya wenzake. Breki akawasha, akaja, akaeleza. Ahsante haikuja. Benchi lilikuwa limejaa, na benchi likijaa hata chafya huwa kesi.

— Nani aliyefungua boneti mara ya mwisho? aliuliza Wakili.

Wakili hajasoma sheria. Aliwahi kuitwa mahakamani kuwa shahidi katika kesi ya mbuzi, na tangu siku hiyo hasalimii mtu bila kumhoji.

— Mimi, alisema Breki. Ni kazi yangu.

— Na nani aliyesikia hiyo harufu?

— Mimi.

— Basi wenzangu mmesikia. Aliyeweka ndiye ajuaye pa kunusa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alisema hivyo akinyoosha kikombe kiongezwe, kama mtu aliyekwisha kulipwa. Breki akahisi damu inampanda masikioni. Akauliza ni mwizi gani anayeingia nyumbani kwa watu akaacha vitu vimeongezeka. Oili haikuibwa, alisema. Oili imezidi. Angekuwa mwizi, angekuwa mwizi wa kwanza kuleta.

Benchi lilicheka, na kwa muda kidogo Breki alidhani ameshinda. Lakini Mjomba Godoro hakucheka. Alikuwa analitazama pikapu lake, ambalo viti vyake alikuwa bado hajavivua nailoni, kama baba anayemtazama mtoto mwenye homa.

— Sikiliza, mwanangu, alisema. Birika hilo likiisha hatujapata jibu, ufunguo unirudishie. Nitamwita yule dereva wangu wa zamani.

Yule dereva wa zamani alikuwa amelibusisha gari la kwanza na ukuta wa duka hilohilo, tena zaidi ya mara moja. Alama bado ipo, nyuma ya kisogo cha Wakili. Lakini alikuwa mwanamume, na alikuwa akinywa kahawa nao. Breki aliitazama ile alama ukutani, akalimeza neno lililomjia, maana lilikuwa neno ambalo mama yake asingependa lisemwe mbele ya kaka yake.

Mwenye kibanda cha viatu pembeni, anayeitwa Soli, aliomba nafasi bila kuacha kushona. Soli huamini kuwa kila kitu duniani ni kiatu ambacho bado hakijavaliwa. Alieleza kwamba kiatu kipya huchuja rangi kwenye soksi, na hakuna anayemkamata mwenye soksi. Gari hili ni jipya, linachuja. Petroli ndiyo rangi yake. Dawa ni kulivalia ndani ndani kwanza, mlangoni na uani, mpaka ngozi ilainike.

Mjomba Godoro aliitikia kwa kichwa, maana ndivyo alivyokuwa akifanya. Tangu pikapu lije halijavuka daraja. Linatoka nyumbani kwake mpaka dukani, na kutoka dukani linapeleka magodoro kwenye mitaa ya jirani, milango ambayo mtu angeweza kuifikia na godoro kichwani kabla hajakumbuka kutoa jasho. Wateja wa mbali aliwakataa wote. Mtoto mchanga hapelekwi upeponi, aliwaambia, na mwenda pole hajikwai. Breki alikuwa amembembeleza amruhusu safari moja tu ndefu, ya kule ng'ambo ya mlima, akaambiwa asubiri gari likomae. Badala ya safari, gari lilipewa benchi. Kila asubuhi linawashwa, linaota jua, linasikiliza habari, linazimwa.

— Hapana, nyie mnaonea ngozi bure, alisema Gazeti.

Huyu husoma magazeti ambayo Soli hufungia viatu, kwa hiyo habari zake huwa za kweli ila ni za mwaka juzi. Nadharia yake ilianzia mbali, chini ya ardhi. Petroli na oili, alisema, ni ndugu. Wametoka kisima kimoja, wakatenganishwa kiwandani wakiwa wadogo, kila mmoja akapewa jina lake na bei yake. Sasa wamewekwa nyumba moja, chumba kwa chumba, ukuta mwembamba. Mlitegemea nini? Damu nzito kuliko maji. Petroli imemsikia dada yake anapita upande wa pili, ikavunja ukuta.

— Kwa hiyo suluhisho? aliuliza muuza kahawa, ambaye kwa kawaida haulizi.

— Suluhisho ni kuwaacha. Mtu haachanishi ndugu.

Wakili hakuvumilia kuona kesi yake inageuzwa harusi ya ukoo. Alijikohoza. Alisema amelifikiri lile swali la mwizi anayeongeza, na jibu lake ni rahisi, ni suala la benki tu. Dereva anaiba petroli kidogo kidogo kwenye tangi. Akiibeba kwenye dumu, ataonekana. Basi anaificha mahali ambapo hakuna mtu atakayeitafuta, yaani ndani ya oili, gari lilelile, kisha siku ya haja anakuja kuitoa na faida yake. Haba na haba hujaza kibaba. Na mgema akisifiwa tembo hulitia maji; huyu tulimsifu kwa leseni yake, ameitia oili petroli.

— Mzee, na hiyo petroli nitaichujaje kutoka kwenye oili? aliuliza Breki.

— Hilo ndilo tunalotaka utuambie.

Hapo Breki alitoa silaha yake ya mwisho. Alisema jana jioni kijiti kilimtia shaka, akampigia simu fundi wa gereji, na asubuhi hii alikuwa akihakikisha. Fundi alimwambia si jambo la ajabu kwa injini za siku hizi. Injini ikiwa ya baridi hupewa petroli nyingi kuliko inayoweza kuchoma; inayobaki hupita pembeni ya pistoni ikateremka kwenye oili. Gari likitembea safari ya kutosha, injini ikapata moto wa kweli, ile petroli hukauka yenyewe kwenye oili kama maji kwenye nguo. Lisipopata moto, inajilundika, oili inakuwa nyepesi, na oili nyepesi hailindi chuma. Likiachwa hivyo, alisema fundi, mtakuja kununua injini.

Lile neno la kununua injini lilimfanya Mjomba Godoro aweke kikombe chini. Lakini Wakili alikuwa amesikia neno jingine.

— Baridi? Gari hili? Linawaka tangu kabla sijanywa kikombe cha kwanza. Hebu njooni.

Akanyoosha mkono, bila kusimama, maana sheria ni sheria, akaigusa boneti. Na Soli akagusa. Na Gazeti akagusa, akaacha mkono hapo kidogo akipasha vidole. Wote wakamgeukia Breki.  Jana fundi alikuwa amemuuliza kama gari linapata kazi, naye akajibu kwa kujigamba kwamba linawaka kila siku, halipumziki. Wakili alikuwa sahihi: gari linalowaka tangu asubuhi linapatwaje na baridi? Alisimama pale na kijiti chake mkononi kama mtu aliyekuja vitani na kijiko.

Muuza kahawa aliinamisha birika. Vilitoka vikombe viwili, vya Wakili na Gazeti. Kilibaki cha mwisho.

Wakati huo bibi mmoja alikuwa amesimama kando ya godoro alilolinunua, mkoba mikononi, akingojea mtu wa kumsikiliza. Hakuna aliyempisha, angekaa wapi, na kusimama ni kuhama? Dada yake alikuwa amevunjika nyonga, na hospitali walikuwa wamemwambia mgonjwa asilale tena kwenye mkeka. Nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya mlima. Alikuwa ameshaambiwa na Mjomba Godoro kwamba gari haliendi huko, na alikuwa hajabishana. Alikuwa akilitazama pikapu.

— Samahani, wanangu, alisema. Hili gari linaunguruma tangu nimefika, na halijaenda popote. Linamsubiri nani?

  Wakili alimtazama Soli, Soli akatazama kiatu. Gazeti alimtazama Mjomba Godoro, na Mjomba Godoro akageuza kichwa barabarani, kana kwamba huyo anayesubiriwa angeweza kutokea kwenye kona akawaokoa. Pikapu liliendelea kuunguruma. Ndani yake mtangazaji alikuwa akisoma hali ya hewa.

Breki hakuwa akimtazama mtu. Alikuwa akitazama birika, limekaa juu ya makaa yaliyofunikwa majivu, joto lake lile lile la tangu asubuhi.

— Mjomba, alisema taratibu. Hilo birika limekaa motoni tangu alfajiri. Umeliona likichemka?

Mjomba Godoro alilitazama birika.

— Haliwezi kuchemka, alisema muuza kahawa. Moto wenyewe ni wa kuliweka vuguvugu tu.

— Na injini hii ni hivyohivyo. Kutwa inakunywa petroli na hatuipi kazi ya kuichoma. Hakuna aliyeimwaga, Mjomba. Tunaimwaga sisi. Hata sasa hivi.

Alikwenda dirishani akaanza kuchomoa chaja. Alimpa Wakili simu yake, akampa Soli ya kwake, akampa Gazeti. Waya wa mwisho ulikuwa na simu ya Breki mwenyewe, imejaa chaji pomoni. Aliitia mfukoni bila kumtazama mtu, na masikio yake yakapata moto kwa mara ya pili asubuhi hiyo. Kisha akazungusha ufunguo.

Ukimya ulioanguka ulikuwa mkubwa. Walikuwa wamesahau kwamba mtaa ule una ndege.

Muuza kahawa aliinamisha birika kwenye kikombe cha Mjomba Godoro. Yalitoka machicha. Kahawa imeisha, alisema, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuhusishwa. Breki akaja mbele ya mjomba wake, kamba ya ufunguo ikining'inia kidoleni, akamnyooshea. Ahadi ni ahadi, na yeye hakutaka isemwe kesho kwamba aliikimbia.

Mjomba Godoro aliutazama ufunguo. Aliitazama ile alama ukutani. Kisha akamtazama bibi.

— Kwenu ni mbali, mama?

— Mbali, mwanangu.

Mjomba Godoro akasimama. Kabla suruali yake haijanyooka, Wakili alikuwa ameshajisogeza mahali pake.

— Tupitie gereji kwanza hiyo oili imwagwe, iwekwe nyingine, Mjomba alimwambia Breki. Halafu mlima.

Alifungua mlango wa mbele, akaing'oa ile nailoni ya kiti kwa mkono mmoja, akamsaidia bibi kupanda. Kisha yeye mwenyewe akazunguka nyuma, akalipakia godoro alilokwisha kuliuza, akapanda juu yake, akakaa, mikono magotini, kama mzigo unaopelekwa kwa mwenyewe. Breki akatia gia. Pikapu likapita kona, likapita daraja, mlio wake ukapanda, ukanenepa, ukafifia.

 Vikombe vilikuwa vitupu. Gazeti alibonyeza simu yake, ikamwonyesha betri iliyofika nusu tu, akaibonyeza tena kana kwamba ingebadili mawazo.

— Sasa tutachaji wapi? aliuliza.