Anania Mwasote, Aliyemchimbia Mkewe Kaburi Peke Yake

Nani kati yenu mlioketi hapa alichimba kaburi la Yudith, mke wa Anania? Msitazamane. Hakuna. Marehemu Anania alilichimba mwenyewe, mwaka 1947, akiwa na dada yake Matilda tu, yaani mama yangu, aliyezoa udongo kwa kikapu. Naanzia hapo kwa sababu wasifu ukiliruka jambo hilo utakuwa uongo.

Marehemu alizaliwa mwaka 1912 hapahapa Iyulamo, milimani nje ya Mbeya. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la pili. Baba yake alipofariki, akaacha ili achunge ng'ombe wa nyumbani. Mwaka 1933 alikwenda Makongolosi kuchimba dhahabu. Alirudi na blanketi mbili, kikohozi, na sufuria ambayo mama anaipikia mpaka leo. Alifunga ndoa na Yudith mwaka 1937, wakajaliwa binti mmoja, Damari.

Wakati wa vita, Serikali ilipotaka vijana wa kufanya kazi za lazima mashambani, Jumbe Fanueli alitoa watoto wa wajane na kuwaficha wanawe. Marehemu alisimama barazani mbele ya Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, akalisema hilo. Jumbe alijibu baadaye kwa amri: mtu asimpe Anania kibarua, asimwite kwenye ujima, asinywe naye pombe, asimsaidie katika msiba. Nanyi mkatii. Hata mashamba ya kahawa yaliyokuwa yakililia vibarua yalimrudisha. Miaka saba alikaa bila kazi na bila mgeni. Alizoea kuzungumza na mbuzi wake. Mama alipomkanya, alisema, "Dada, niache. Huyu walau hana jumbe." Yudith alifariki katika miaka hiyo, na mliona mlivyoona, kila mtu nyuma ya mlango wake.

Mwaka 1951 alipanda lori hadi Iringa, akatembea hadi misheni ya Tosamaganga, akaomba kufundishwa uashi. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Vijana aliowakuta wakamsalimu kwa Kihehe huku wakimcheka.

"Kamwene, babu! Umeleta mjukuu kuandikishwa?"

"Mjukuu ni wewe," akawajibu. "Shika tofali nikuone."

Fundi Marcelino, mwalimu wao, aliniambia kwamba kwa muda mrefu Anania hakuongeza neno jingine. Alikuwa kama mtu aliyesahau watu wanavyozungumza. Kisha siku moja, akiwa juu ya ukuta, akaanza kuimba, na tangu hapo ikawa kazi kumnyamazisha.

Alirudi mwaka 1954. Angeweza kujenga mjini, alipe kodi yake na kutusahau. Badala yake alijenga shule hii ambayo ukuta wake mnauegemea sasa, akafundisha uashi vijana wa nyumba zilezile zilizomfungia milango. Amri ikavunjwa kimyakimya. Haikufutwa.

Nimesikia mkinong'ona kwamba marehemu alisamehe yote. Msimsingizie. Jumbe Fanueli alipokuja kutaka nyumba ya matofali, marehemu alimpa kigoda, akamwamkia kwa heshima zote, akasema: "Jumbe, ulikataza watu kushirikiana nami. Mimi ni mtii. Simama barazani uifute amri kama ulivyoitoa, kesho naanza msingi." Jumbe alikataa. Ndiyo maana mvua inamnyeshea kitandani hadi leo. Vijana wenzangu mnaodai kujitawala, anzeni kwa kujifunza kwa mkaidi huyu wa Iyulamo tunayemzika.

Kifua kilimzidi tangu Machi mwaka huu, 1958. Alitibiwa, akapata nafuu kidogo, akarudi nyumbani. Alilala akiitazama njia, na swali lake lilikuwa moja: "Na mimi, nani atanichimbia?" Damari alimwambia, "Baba, watakuja." Aliendelea kuitazama njia. Alifariki jana jioni, tarehe 18 Agosti, mkono wake ukiwa katika mkono wa binti yake.

Ameacha binti, Damari, dada, Matilda, wajukuu watatu, na wanafunzi wake wa uashi wakiongozwa na Saulo. Apewe huko aendako amani aliyonyimwa na majirani zake.

Asubuhi hii, kabla ya umande kukauka, nilimwona Saulo na wenzake wakichimba. Walikuwa wengi hata wakagombea zamu. Jumbe Fanueli akafika na jembe begani.

"Nipisheni na mimi nichimbe. Marehemu alikuwa mtu wangu."

"Shikamoo, Jumbe," alisema Saulo kutoka shimoni, bila kuinua kichwa. "Amri yako imefutwa?"

Majembe yote yakasimama. Tulimngoja. Neno moja tu lingetosha, nasi tungempisha. Jumbe alitazama milima, akatazama viatu vyake, akaliegemeza jembe ukutani. Saulo akatema mate viganjani, akaendelea kuchimba.

Kaburi limekwisha. Jembe la Jumbe liko pale, limeegemea ukuta alioujenga marehemu. Mkipita litazameni: halina chembe ya udongo.