Chaki Mkononi mwa Asiyeelewa

Mwalimu mwenzetu wa hesabu, ambaye wanafunzi humwita Mama Chaki, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara.

Miaka kumi na tisa ya mwanzo alifundisha kama sisi wengine: ubao ukijaa, anafuta, anaendelea. Nusu ya darasa ilikuwa ikifeli. Ndipo akasogeza meza za chumba namba saba na kuwakalisha wanafunzi wannewanne. Muhula wa kwanza alikosea. Aliyejua aliandika, watatu wakanakili, na matokeo yakazidi kushuka. Muhula uliofuata akaweka sheria moja: chaki hushikwa na asiyeelewa, wenzake waeleze kwa mdomo tu, na alama ni za wote wanne.

Binti mmoja aliyekwisha kufeli mara mbili alisimama ubaoni dakika kumi bila kuandika kitu.

“Mwalimu, mpe mwingine, huyu dada anatuzamisha!” akalalamika kijana wa kundi lake.

“Mwanangu, ukimshikia chaki leo, kesho utamshikia na kalamu ya mtihani?” akauliza Mama Chaki.

Kijana akaanza kueleza upya, akafika katikati, akagundua kwamba hata yeye hajui ile alama ya kutoa imetoka wapi. Darasa likaangua kicheko. Mwisho wa muhula wote wanne walifaulu.

Kufikia mwaka wa tatu, aliyefeli alikuwa mmoja kati ya kumi. Kelele zilivuka ukuta, sisi hatukuvuka. Jirani wa chumba namba nane, ndiye anayeandika haya, alipeleka barua tatu za malalamiko kwa mkuu wa idara. Kila moja Mama Chaki aliijibu kwa mstari mmoja: “Njoo ukae kundini, kiti kipo.”

Miaka kumi na miwili hakwenda mwalimu hata mmoja. Mwezi uliopita kamati ya idara ilipouliza nani atalichukua darasa hilo, kila mtu aliinamia karatasi zake. Likizo hii meza zinarudishwa kwenye safu.

Jumanne wiki hii nilikwenda, nikakaa kundini. Mwanafunzi akaniuliza kwa nini kanuni niliyoifundisha miaka ishirini ni kweli. Nikaikariri kanuni ileile. Mama Chaki akanipa chaki. Kengele ikalia kabla sijamaliza. Kilikuwa kipindi chake cha mwisho.

Asante, Mama Chaki, kwa kiti tulichokiacha wazi. Pumzika vyema, na nyumba yako isikose wabishi.