Feni ya Chumba cha Joto

Ubavuni mwa lango la kiwanda, karibu na birika la kahawa, lipo benchi ambapo hukumu hutolewa kabla ya ushahidi. Mapumziko ya leo mshtakiwa alikuwa Mkaguzi, mpimaji wa ubora, aliyeizuia simu mpya isitoke kiwandani baada ya betri zake kuvimba. Meneja alikwisha kumwonya: mapumziko yakiisha, agonge muhuri au arudishe kitambulisho. Mimi, muuza kahawa, nilimwonea huruma, lakini mizani ya Mungu haipindwi kwa machozi.

— Mkaguzi, umeturoga! alianza Spana, fundi mitambo. Watu wanaingoja simu kama mana jangwani!

— Mana haikuvimba, Spana.

— Joto kidogo tu! Joto ndio uhai, bwana. Kilichopoa ni maiti.

Gavana, mpakiaji wa makasha, alitikisa kichwa.

— Hujuma hiyo. Washindani wametuma mtu, anazipulizia betri pumzi ya moto. Mchelea mwana kulia hulia yeye!

— Methali hiyo inaingiaje hapa? akauliza Mkaguzi.

— Imeshaingia. We inywe na kahawa yako.

— Basi ni jua, akasema Spana. Jua la siku hizi linapenya bati, linajificha ndani ya waya, linangoja.

Mkaguzi akashusha kikombe.

— Ni feni, jamani. Chumba kile kimepashwa moto makusudi, betri zijaribiwe humo. Mkaniona natota jasho, mkaniletea feni. Upepo ukanipoza mimi, ukazipoza na simu mezani. Zote zikafaulu. Juzi feni ilipokufa, zikavimba kama shavu la jino bovu.

Spana akainama.

— Feni niliileta mimi, kaka. Huruma nayo ni dhambi?

— Si dhambi. Ila huruma isiyosimama juu ya kweli ni nyumba ya mchangani.

— Lakini gonga tu! Una watoto wewe! akasihi Spana.

Mama mmoja mpita njia, aliyekuwa akingoja kahawa na mtoto mgongoni, akageuka.

— Samahanini, baba zangu. Mwanangu mkubwa hulala na simu yangu chini ya mto. Hiyo yenu, ataweza kulala nayo?

Gavana akachungulia kikombe chake kama kisima.

— Sijui, mama, akasema Mkaguzi.

Kengele ikalia. Akavua kitambulisho shingoni, akaelekea langoni. Spana akainuka.

— We nawe wapi? akauliza Gavana.

— Kwa meneja. Asiingie peke yake.